Maswali na Majibu: Dini ya Milimani Iliishi Jikoni

Mwezi uliopita niliandika hapa juu ya Cades Cove, bonde lililomo ndani ya hifadhi ya Great Smoky Mountains huko Tennessee, Marekani, na makanisa yake matatu ya mbao. Niligusia pia maisha ya nyumbani ya watu wa milima ya Appalachia kwa jumla. Barua zimekuja nyingi. Baadhi zimenipa moyo, baadhi zinaonyesha kwamba mwandishi wake aliishia kwenye kichwa cha habari. Leo najibu chache.

Mwalimu, shikamoo. Ni kweli watu wa milima hiyo wanaabudu nyoka? Nimeona video. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Hapana, na mwaka huu nimeulizwa hivyo mara tano. Hakuna anayeabudu nyoka. Lipo kundi dogo la Wapentekoste wanaoyasoma maneno ya Marko 16:18, "watashika nyoka", kama amri, na hushika nyoka wa sumu ibadani. Desturi hiyo ilizuka mashariki mwa Tennessee karibu mwaka 1910. Anayetajwa zaidi ni mhubiri George Went Hensley, naye alikufa mwaka 1955 kwa kuumwa na nyoka. Kentucky iliipiga marufuku mwaka 1940, Tennessee mwaka 1947.

Sasa pima mwenyewe. Kanisa la Primitive Baptist la Cades Cove, yaani Wabaptisti wanaoshikilia desturi za zamani, lilianzishwa mwaka 1827. Watu walisali, wakabatizana mtoni na kuzikana katika bonde lile miaka themanini na ushei kabla ya desturi ya nyoka kusikika. Lakini kamera hufuata nyoka. Mwanamke anayekanda mkate wa meza ya Bwana hakuna anayempiga picha.

Na tusiwanyooshee wenzetu kidole. Shakahola, Kenya, mwaka 2023 tuliona miili zaidi ya mia nne ikifukuliwa msituni, ya watu ambao wengi wao walifunga mpaka kufa wakitarajia kumwona Yesu. Mhubiri yeyote anayetaka imani yako ipimwe kwa mwili wako, mkimbie usiku huohuo.

Hawa ndio Waamishi? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Waamishi ni watu wengine, wana asili yao Uswisi na Ujerumani, na wamejaa zaidi Pennsylvania na Ohio. Tafadhali msiniulize tena.

Tulipotembea Cades Cove tuliona kanisa la Wamethodisti lina milango miwili ya mbele. Mwenzetu akatueleza ni mmoja wa wanaume na mmoja wa wanawake. Ni sawa? (Familia ya watu sita, Knoxville)

Mwenzenu alikisia. Yako makanisa ya milimani ambako wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao, na mlango wa pili mara nyingi ni dalili ya hilo. Kwa kanisa hili habari iliyohifadhiwa ni nyingine: waliazima ramani ya kanisa jingine lililokuwa na milango miwili, wakaifuata kama ilivyo. Fundi alikuwa J. D. McCampbell, ambaye baadaye akawa mchungaji wao. Alilijenga mwaka 1902 kwa siku 115 na kwa dola 115. Ukiona jambo la ajabu katika jengo la kale, uliza nani alijenga na alikuwa na fedha kiasi gani, kabla hujalitungia maana.

Nilishangaa kuona watu wa Marekani waliishi kwenye vibanda vya magogo mpaka miaka ya 1930. Walikuwa nyuma namna ile? (Mwanafunzi, Nairobi)

Swali lako limenigusa pabaya, kwa hiyo nivumilie.

Ulichokiona kimechaguliwa. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1934 watu wa bonde lile walikuwa wakiondolewa. Wengine waliuza ardhi, wengine walikubaliwa kubaki kwa muda, na John W. Oliver, mhubiri na kitukuu cha walowezi wa kwanza, alipigana mahakamani miaka kadhaa kabla ya kuondoka. Baadaye wenye hifadhi waliamua bonde lionekane kama makazi ya waanzilishi. Nyumba za mbao za kupasuliwa, zilizopakwa rangi, zenye vyumba na madirisha ya vioo, zikabomolewa kwa wingi. Nyumba za magogo zikaachwa na kutunzwa. Mgeni anapita na gari lake, anaona magogo, anaondoka akisema watu hawa hawakuendelea.

Watu wenyewe walikuwa na posta tangu 1833. Miaka ya 1890 walivuta waya wa simu hadi mji wa Maryville. Kufikia 1850 bonde lilikuwa na wakazi zaidi ya 650. Walisoma magazeti, walipeleka ng'ombe sokoni, waligombana juu ya mafundisho: mwaka 1839 waliounga mkono kazi ya umisionari walitengwa na Primitive Baptist, wakaanzisha kanisa lao, nalo lina jengo lake mpaka leo. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kanisa mama lilisimamisha mikutano, na baadaye waumini wakaandika katika daftari lao kwa nini: wao walikuwa upande wa serikali ya Muungano, na waasi walikuwa na nguvu kuliko wao pale bondeni. Watu wanaoandika maelezo ya namna hiyo kwa ajili ya vizazi vijavyo hawako nyuma ya mtu.

Na usisahau waliotangulia. John na Lurena Oliver walifika mwaka 1818, ardhi ikiwa bado ya Wacherokee, na inasimuliwa kwamba majira ya baridi ya kwanza walinusurika kwa maboga makavu waliyopewa na Wacherokee hao. Mwaka uliofuata mkataba uliwanyang'anya Wacherokee eneo lile, na mwaka 1838 maelfu yao wakafukuzwa kwa mtutu wa bunduki kwenda magharibi. Kwa hiyo bonde limehamishwa watu mara mbili, na mara zote mbili walioandika kibao cha maelezo ni wale waliobaki na ardhi.

Mwalimu, unaahidi kutuandikia urithi wa dini, halafu kila mara unatupeleka jikoni kwenye masufuria na mablanketi. Kwa nini? (Mzee wa kanisa, Mwanza)

Mzee wangu, kwa sababu ndiko ilikokuwa.

Mhubiri wa milimani alikuwa mkulima kama wengine. Kwa Primitive Baptist na ndugu zao Old Regular Baptist wa mashariki mwa Kentucky hakulipwa mshahara, na mara nyingi alizungukia makanisa kadhaa. Ibada ikawa Jumamosi na Jumapili moja kwa mwezi. Siku nyingine zote dini ilikuwa mikononi mwa watu wa nyumbani, na hasa wanawake, ambao kwenye mimbari hawakuruhusiwa kupanda.

Anza na Biblia ya familia. Katikati yake kulikuwa na kurasa za kuandika ndoa, waliozaliwa na waliokufa. Mahali ambapo hapakuwa na ofisi ya vizazi na vifo, kurasa hizo ndizo zilizokuwa cheti. Unakuta watoto watatu wa mama mmoja wamezaliwa na kufa ndani ya miaka minne, kwa mwandiko uleule. Nimewahi kuona Biblia ya namna hiyo ikiuzwa kwenye duka la vitu vya kale, na majina ya watoto wa watu yamo ndani, hakuna aliyeijia. Nikuulize na wewe: majina ya nyumbani kwako yameandikwa wapi? Yakiwa kwenye simu peke yake, jua kwamba simu huibiwa.

Njoo kwenye msiba. Mtu akifa, majirani walimwosha na kumvika. Saa ya ukutani ilisimamishwa, vioo vikafunikwa, watu wakakesha na maiti usiku kucha. Mwanamume mmoja alipasua mbao za jeneza, wanawake wakalitandika kitambaa ndani. Kaburi lilichimbwa mlimani, kwa kuwa ardhi tambarare ilikuwa ya mahindi, na maiti akalazwa miguu mashariki ili siku ya ufufuo aamke akiangalia kunakocha. Mahubiri ya msiba yalingoja mhubiri, na mhubiri alingoja mto upungue na njia ikauke. Yaliweza kuchelewa miezi, hata mwaka na zaidi, na mara nyingine marehemu kadhaa walihubiriwa kwa pamoja. Yapo masimulizi ya mume aliyekaa msibani kwa mke wa kwanza akiwa na mke wa pili ubavuni. Anayejua matanga na arobaini hatashangaa kwamba mazishi ni jambo moja na kumaliza msiba ni jambo jingine.

Kisha meza ya Bwana. Mkate usiotiwa chachu ulikandwa nyumbani, mara nyingi na mke wa shemasi. Baada ya mkate na divai walitawadhana miguu, kama Yohana 13, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kwa beseni na taulo ndefu iliyofungwa kiunoni. Taulo zile zilisokotwa, zilifumwa, zilifuliwa na kunyooshwa na nani? Mikono ileile ilitengeneza mablanketi ya viraka, na mitindo ya viraka ilikuwa na majina kama Ngazi ya Yakobo, Taji la Miiba, Machozi ya Ayubu. Msichana alijifunza Maandiko akiwa na sindano mkononi kabla hajajua kuyasoma.

Kwa hiyo, mzee, ukitaka nikuandikie orodha ya wachungaji na miaka yao ya utumishi, ninaweza. Utakuwa umepata nusu ndogo ya habari.

Jambo Mwalimu. Huku sokoni nimeona chupa ya shira nyeusi, wenyeji wanasema imetoka kwenye mmea unaofanana na mtama wetu. Ni mtama kweli? (Mama wa watoto wanne kutoka Fizi, sasa Lexington)

Ndiyo mama, ni mtama, ila ni aina yenye bua tamu. Asili ya mtama ni Afrika, na aina hii ya shira ilienea Marekani kuanzia miaka ya 1850. Watu wa milimani waliipenda kwa sababu sukari ilinunuliwa dukani na mtama uliota nyuma ya nyumba. Majira ya mavuno mabua yalikatwa, yakakamuliwa kwa kinu kilichozungushwa na nyumbu wa kufugwa, maji yake yakachemshwa kwenye sinia kubwa bapa huku watu wakiengua povu la kijani kutwa nzima, mpaka yakawa mazito kama asali. Kazi ilikusanya kijiji kizima.

Shira hiyo ndiyo inayotia utamu keki yao ya tabaka nyingi nyembamba zilizopakwa matofaa makavu yaliyopikwa. Utaambiwa kwamba harusini kila mgeni alikuja na tabaka lake. Usiamini upesi. Keki hiyo hukaa siku mbili tatu ilainike kabla ya kukatwa, kwa hiyo mpishi wake alikuwa mmoja na alianza mapema. Nunua chupa, onja na mkate wa mahindi. Na waambie watoto wako mmea huo umetoka wapi.

Kanisa letu la Church of God hapa Kima lilitoka Cleveland, Tennessee, sivyo? (Msomaji, Vihiga)

Sivyo. Kima iliingia mikononi mwa Church of God ya Anderson, Indiana, mwaka 1922. Ile ya Cleveland ni nyingine kabisa: mizizi yake ni mkutano mdogo wa mwaka 1886 kwenye kijito cha Barney, Tennessee, chini ya Richard Spurling, ambako watu wanane walijiunga, na baadaye likawa kanisa la Kipentekoste. Majina yamefanana, historia hazikukutana. Nimewahi kuona mtu akiandika historia ya parokia yake kwa kunakili ya kanisa jingine lenye jina hilohilo. Waulizeni wazee wenu kabla ya kuuliza mtandao.

Kwaya zetu zinasoma sol-fa. Nasikia na watu wa Appalachia wana sol-fa yao ya maumbo. Ni ileile? (Mwalimu wa kwaya, Bukoba)

Ni ndugu wa mbali. Sol-fa tuliyoletewa na wamisionari ni ya John Curwen wa Uingereza, karne ya 19, yenye herufi. Ya Marekani ilitangulia: ilianza kuchapwa karibu mwaka 1801, na sauti zinatambulika kwa umbo la kichwa cha noti. Pembetatu ni fa, duara ni sol, mraba ni la, na umbo la almasi ni mi. Baadaye maumbo yakawa saba, na kitabu kimoja cha maumbo saba kilitoka Knoxville mwaka 1848. Mpaka leo watu wa mashariki mwa Tennessee hukutana kuimba kwa toleo lake la baadaye. Hukaa mraba, sauti nne zikitazamana, na hakuna hadhira. Huimba kwanza majina ya noti, ndipo waimbe maneno.

Old Regular Baptist wana njia ya kale zaidi, isiyo na noti yoyote. Vitabu vyao vina maneno peke yake. Mwimbishaji anautoa mstari haraka kwa sauti ya juu, waumini wanaupokea polepole kwa pamoja, kila mtu akiupinda kidogo kwa njia yake, bila kinanda wala gitaa. Ukisikia mara ya kwanza utadhani ni kilio. Ilitoka Uingereza na Uskoti za karne ya 17, pale ambapo waumini wengi hawakujua kusoma au hawakuwa na vitabu, na makanisa ya Wabaptisti weusi wa Marekani nayo yaliihifadhi.

Hukuniuliza, lakini nakuomba: mara moja kwa mwezi zima kinanda na vipaza sauti, umwache mama mzee kuliko wote aanzishe wimbo. Hizi spika zetu zimewanyamazisha wazee ambao ndio waliokuwa vitabu vyetu vya nyimbo.

Unaandika kana kwamba wote walikuwa Wazungu. Weusi hawakuwapo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Walikuwapo tangu mwanzo, na ninashukuru kwa kunikumbusha, maana safari iliyopita niliwataja kwa mstari mmoja, na mstari mmoja haukutosha.

Malden, West Virginia, palikuwa na viwanda vya chumvi vilivyoendeshwa kwa watumwa. Booker T. Washington alifika hapo akiwa mtoto baada ya ukombozi, akafanya kazi kwenye chumvi na makaa ya mawe, na alikuwa muumini wa African Zion Baptist, akifundisha shule ya Jumapili. Kanisa hilo ndilo mama wa makanisa ya Wabaptisti weusi wa jimbo lile. Carter G. Woodson, aliyeanzisha mwaka 1926 wiki ya historia ya watu weusi, alichimba makaa West Virginia kabla ya kusoma chuo cha Berea, Kentucky.

Na Berea yenyewe ni habari ya dini. Ilianzishwa mwaka 1855 na mhubiri John G. Fee, mpinga utumwa, na kauli yake ni kwamba Mungu ameumba mataifa yote ya dunia kwa damu moja. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe weusi na weupe walisoma pamoja. Woodson alipata shahada yake mwaka 1903. Mwaka uliofuata Kentucky ikatunga sheria ya kukataza jamii hizo mbili kusoma chuo kimoja, na mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ikaiunga mkono. Weusi hawakurudi Berea mpaka 1950. Nadhani wengi wa wabunge waliopitisha sheria ile walikuwa wakristo wa kwenda kanisani.

Hata banjo, ambayo kila filamu huipakata kwa Mzungu wa milimani, babu zake ni ala za Afrika Magharibi. Mshairi Frank X Walker alibuni mwaka 1991 neno Affrilachia, linalounganisha Afrika na Appalachia, kwa kuwa kamusi aliyoifungua ilieleza watu wa Appalachia kama weupe tu.

Mwalimu, mimi ni mkimbizi, makaburi ya wazazi wangu yako nyuma ya vita na sijui kama nitayaona. Nimesikia huku kuna watu wanaopelekwa makaburini kwa boti. Ni akina nani? Na mgeni anaweza kwenda? (Mama, Knoxville)

Pole sana, mama.

Ni watu wa upande wa North Carolina wa hifadhi ileile ya Great Smoky Mountains. Bwawa la Fontana lilijengwa kati ya 1942 na 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa ajili ya umeme. Maji yalifunika barabara yao, jamii nzima zikahama, na ardhi ya kaskazini mwa ziwa ikaingizwa kwenye hifadhi. Mwaka 1943 serikali iliahidi kwa maandishi kwamba baada ya vita itajenga barabara nyingine, ili watu wayafikie makaburi yao. Ilijengwa kipande cha maili sita hivi, ikaishia baada ya handaki moja ndani ya mlima, basi. Mwaka 2010 serikali ilikubali kulipa wilaya ya Swain dola milioni 52 badala ya barabara.

Viwanja vya makaburi zaidi ya ishirini viko ng'ambo ya ziwa. Viwanja hivyo vina Jumapili zake, na hifadhi huwavusha jamaa kwa boti. Wanabeba reki, maua na vikapu vya chakula. Wengine hutembea kupanda mlima, wazee husaidiwa kwa gari. Wanapalilia, wanalirundikia kaburi udongo liwe kama tuta jipya, wanaweka maua hata kwenye jiwe lisilo na jina. Wanaimba, anahubiri mtu, halafu wanatandika vitambaa juu ya meza ndefu na kula pale pale, karibu na wafu wao.

Mgeni anaweza kwenda akialikwa na mwenye kaburi. Waulize majirani zako kanisani, Knoxville hawakosekani waliozaliwa na watu wa kule. Usipige picha mpaka uruhusiwe, na usiende mikono mitupu: pika chochote unachokijua vizuri, hata maharagwe. Watakuuliza wafu wako wako wapi. Nenda na majina yao umeyaandika, na kijiji, na mti ulio karibu na kaburi kama unaukumbuka.